Mkubwa Ni Nani? Maneno juu ya kukua kwa wale wenye kurudi

Hotuba iliyosomwa na wafanyakazi wa tereni mbele ya wamemba wa Kasongo na wa Kabambare, kwenye mkutano mkuu wa chama

Tunajua wengine mumetoka nyumbani usiku kwa kinga, wengine mumevuka Luama, na mpunga shambani haungojei mtu. Tutajaribu kufupisha.

Chama kilituomba tuseme juu ya namna mtu anakua, kutoka ujana mpaka uzee. Tuliposoma hiyo barua tulicheka kidogo. Tulisema: watu wazima wanaenda kufundishwa kukua? Mtoto njo anakua. Mkubwa amekwisha kukua. Kisha tukakumbuka jambo moja lililotokea mbele yetu, na kicheko kikaisha. Mturuhusu tuanze na hilo jambo, kwani kosa lilikuwa letu.

Ilikuwa siku ya kugawa mbegu na majembe. Mbele ya kugawa, sisi wa tereni tulipita nyumba kwa nyumba na daftari. Tuliandika hivi: mkubwa wa jamaa, bibi yake, watoto. Kila nyumba jeto moja, jembe moja, mbegu kipimo kimoja. Tuliona ni kazi safi. Siku ya kugawa, kijana mmoja akaja kwenye meza. Alikimbia akiwa na miaka saba, akarudi na miaka 31, na bibi na watoto wawili. Tukatafuta jina lake. Tukalipata chini ya jina la baba yake mdogo, katika mstari wa "watoto". Tukamwambia: jeto iko kwa baba mdogo, simama nyuma yake.

Akamgeukia mzee na kusema pole pole: "Baba mdogo, miye mutoto wa nani? Miye niko na watoto."

Mzee akajibu, naye pole pole: "Baba, usiseme hivyo mbele ya wageni. Tutagawa nyumbani."

Wakagawa nyumbani. Kijana alipata makopo machache ya karanga. Jembe lilibaki moja, na jembe moja halilimi mashamba mawili siku moja. Kabla ya mvua ya pili alikuwa amekwenda Salamabila kutafuta dhahabu, na mpaka leo hajarudi. Bibi yake yuko kwa mama mkwe. Yule mama mkwe anakuja kwenye mikutano yetu, pengine yuko hapa leo, na kila mara anatuuliza swali moja tu: "Munamuandika wapi sasa?"

Hatukuwa na jibu. Ni hilo tumekuja kulitafuta pamoja nanyi.

Wenye elimu wanasema nini

Kulikuwa mtaalamu mmoja, Erik Erikson. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902, na hakumjua baba yake mzazi. Mwaka 1933 aliiacha Ulaya, akahamia Marekani, akaanza upya na bibi yake na watoto. Yeye mwenyewe aliyajua mambo ya kuvuka mpaka na kuuliza: miye ni nani sasa? Mwaka 1950 alitoa kitabu, na ndani yake alisema kama maisha ya mtu yana hatua nane. Tano za kwanza ni za utoto na ujana. Tatu za mwisho ni za mtu mzima. Maana yake kukua hakuishi siku mtu anapoota ndevu ao siku binti anapoolewa.

Katika hizo hatua za ukubwa, kijana anajifunza kwanza kufunga maisha yake na ya mwingine: ndoa, urafiki wa kweli. Kisha mtu wa makamo anataka kuzaa kitu na kukitunza: watoto, shamba, kazi, kijiji. Asipopata nafasi ya kutunza kitu, anadumaa, kama muhogo uliopandwa kivulini. Na mwishoni mzee anaangalia nyuma na kuuliza kama safari yake ilikuwa na maana. Bibi yake Erikson, Joan, aliishi zaidi ya miaka 90, na alipoona uzee ule mkubwa kwa macho yake akaongeza hatua ya tisa. Kitabu kilitoka mwaka 1997. Basi hata kwa hesabu ya mabwana wenyewe, mtu wa miaka 90 bado ana kitu cha kujifunza.

Wengine watasema: hayo ni ya wazungu. Ni kweli, kwa sehemu. Mwana Afrika mmoja, Bame Nsamenang wa Kamerun, alisema hivyo hivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1992 alionyesha kama kwetu mtu hapimwi kwa miaka tu. Anapimwa kwa kazi anazopewa na jamaa. Mtoto mdogo anatumwa maji. Akikua kidogo anachunga mdogo wake. Akikua tena anapewa kipande cha shamba, anakwenda kwenye matanga, anasimama kusema. Kila kazi ni ngazi, na jamaa njo inayompandisha. Kwa hiyo jamaa isipompa kazi, yeye hapandi, hata awe na mvi.

Wazee wa Maniema walilijua hilo mbele ya Nsamenang. Majirani zetu Walega, kule Pangi, walikuwa na bwami. Bwami haikuwa jando ya siku moja ikaisha. Ilikuwa ngazi ya maisha yote, kutoka madaraja ya chini mpaka kindi, ambalo ni daraja la juu kabisa. Mtu alipanda kwa mwenendo wake na kwa msaada wa jamaa yake, na mwanamke naye alikuwa na madaraja yake: bibi ya mtu wa kindi aliingia katika bunyamwa. Mtu wa miaka 50 alikuwa bado mwanafunzi, na hakuona haya. Wakoloni wa Kibelgiji waliikataza bwami mwaka 1948. Hatuwaambii mrudishe bwami ao mambo ya zamani yote. Tunasema tu: wale wazee walijua kama mtu mzima anahitaji mlango wa kupita, na watu wa kumfungulia.

Kati kati ya safari

Jando lilikuwa na sehemu tatu, na wengi wenu mnazijua. Mtoto anaondolewa kwa mama. Anakaa porini, kati kati, si mtoto tena na si mkubwa bado. Kisha anarudishwa nyumbani kwa ngoma na chakula, na toka siku ile anaitwa kwa namna nyingine. Mfaransa mmoja, Arnold van Gennep, aliandika juu ya hizo sehemu tatu mwaka 1909, akaonyesha kama ziko kwa watu wa dunia yote, kwenye ndoa, kwenye uzazi, kwenye kifo.

Sasa muangalie safari yetu. Vita ya 1996 ilipokuja, kisha ile ya 1998, watu waliondolewa nyumbani. Wengine walikaa msituni. Wengine walikimbilia Kasongo mjini, Kindu, Kalemie, Bukavu. Wengine walipita Fizi, wakavuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wakafika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, ao Lugufu iliyofungwa mwaka 2009. Kule ndani ya kambi hawakuwa na ruhusa ya kwenda kulima na kufanya kazi wanakotaka. Walipewa unga kwa karte. Mtu alifika mtoto, akaota ndevu, akaoa, akazaa, na bado unga wake ulipimwa na mtu mwingine. Hiyo ni sehemu ya pili ya jando, ile ya kati kati. Tofauti ni kwamba jando halikupita miezi. Hili lilipita miaka 10, mengine 20.

Na sehemu ya tatu? Wengine walirudi kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka. Walipewa sahani, hema, chakula cha siku za kwanza. Kisha lori, kisha miguu. Wamefika kijijini, wamekuta nyumba imekuwa msitu. Hakuna aliyepiga ngoma. Hakuna aliyesema mbele ya watu: "Huyu aliondoka mtoto, amerudi baba." Ndiyo sababu akasimama nyuma ya baba mdogo kwenye meza yetu. Hakuna mtu aliyemfunga mlango. Ni kwamba hakuna aliyekumbuka kuufungua.

Mnalijua neno "kadogo". Ni jina walilopewa watoto waliotembea na majeshi ya AFDL mwaka 1996 na 1997, mpaka Kinshasa. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 wakati ule amepita 40 sasa. Na bado kuna watu wanaitwa kadogo kijijini, mbele ya watoto wao. Tunalitumia kwa mchezo. Lakini muulize mwenye jina kama ni mchezo.

Vita haimkuti kila mtu katika umri mmoja

Kuna Mmarekani mmoja, Glen Elder, aliyechunguza watu waliopatwa na umaskini mkubwa ulioanza kule mwaka 1929. Kitabu chake kilitoka mwaka 1974. Alifuata maisha ya watu wa California waliokuwa watoto wakati ule, kutoka utoto mpaka ukubwa. Aliona jambo la kushangaza. Wale waliokuwa wamepita miaka kumi wakati shida ilipoingia nyumbani walifanya kazi, walisaidia wazazi, na wengi walikuja kuwa watu wenye kujitegemea. Lakini wale waliokuwa wadogo sana wakati ule, zaidi wavulana, waliumia kwa muda mrefu zaidi. Shida ilikuwa moja. Umri njo haukuwa mmoja.

Hapa kwetu iko hivyo pia. Kuna wazee hapa waliokimbia mwaka 1964, wakati Wasimba walipoingia Maniema. Mwenye miaka 15 wakati ule alizaliwa 1949. Alikuwa amekwisha kujua shamba la baba yake, mpaka wake, jina la mto na jina la jirani. Aliporudi alijua pa kuanzia. Lakini mtoto wa miaka saba aliyekimbia 1998 hakujua mpaka. Amerudi na Kiswahili cha Kigoma, amesoma masomo ya kambi, anajua kutengeneza simu, na hajui kama shamba la babu lilifika kwenye mwembe ao kwenye kijito. Mkimuona anasitasita, mnasema ni mvivu. Sisi tunasema: hakufundishwa, na aliyepaswa kumfundisha alikufa njiani.

Na yuko wa tatu, yule aliyezaliwa nyuma, aliyekimbizwa kwa vurugu za Salamabila na vijiji vilivyo karibu na machimbo ya Namoya, akarudi, akakimbia tena, akarudi tena. Huyu hajui kukaa. Anapanda mboga za mwezi mmoja, hapandi michikichi, kwani mchikichi unataka miaka kabla ya kutoa mafuta. Anahesabu maisha kwa miezi. Msimkemee tu. Mtu anapanda mti akiamini kama atakuwapo kuuvuna.

Tukizitengeneza programu zetu kama kwamba hawa watatu ni mtu mmoja, tutakosea tena kama tulivyokosea na daftari.

Mama ambaye hana jina la hali yake

Sasa tuseme juu ya mama zetu. Mume akifa, kuna njia. Kwa Waislamu mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, kisha anatoka, na kila mtu anajua ametoka. Kwa Wakristo kuna matanga, kuna misa ao ibada, kuna siku ya kuondoa kilio. Ni uchungu, lakini ni uchungu wenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Lakini tuko na mama wengi ambao mume hakufa mbele yao. Alikwenda kutafuta chumvi, hakurudi. Alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, hakurudi. Hakuna kaburi. Mama huyu si bibi ya mtu na si mjane. Akilia, wanamwambia: unamuombea kifo. Akicheka, wanamwambia: umekwisha kumsahau. Mtu akimposa, wakwe wanasema: mali yetu iko hapo. Mwanamke mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, aliipa hali hii jina, ni msiba usio na hakika, na alisema kama huo ni kati ya misiba migumu kuliko yote, kwa sababu haumruhusu mtu kuendelea wala kurudi nyuma.

Mama mmoja wa upande wa Kabambare alituambia: "Miye nimesimama mulangoni myaka kumi na mbili. Siingii, sitoki." Tulipomuuliza chama kimsaidie na nini, hakuomba franga. Alisema: "Mukisoma majina, musiseme bibi ya fulani. Museme jina langu."

Sheria inajua jambo hili. Code de la famille ya Kongo inasema juu ya mtu asiyeonekana, na ni tribinali yenye kuamua. Njia hiyo ni ndefu, na mama wa kijijini hawezi kuitembea peke yake. Lakini kusoma jina lake kwenye mkutano hakutaki tribinali. Kunataka mwandishi wetu abadilishe mstari mmoja.

Mwili wa makamo

Tuseme kidogo pia juu ya mwili, kwani mwili nao unabadilika na watu wanatafsiri vibaya.

Kuanzia karibu na miaka 40, macho ya kila mtu yanaanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa. Ni macho yanayozeeka. Katika kundi moja la AVEC, mama mwenye kutunza daftari alianza kukosea hesabu. Wenzake wakaanza kunong'ona kama anakula franga za sanduku. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, lakini mnong'ono hauna kufuli. Alitaka kuacha kazi kwa haya. Mtu mmoja akamuazima miwani ya kusomea, akasoma daftari lote, akacheka mpaka machozi yakatoka. Alikuwa ameanza kujiamini mwizi.

Karibu na miaka 45 mpaka 55, hedhi ya mwanamke inakoma. Anaweza kupata joto la ghafula usiku, usingizi kukosekana, roho kuwa nzito. Wengine wanaambiwa wamefungwa, wengine wanaambiwa ni wachawi. Sivyo. Ni hatua, kama kuvunja ungo ilivyokuwa hatua. Na wanaume wenye kupita miaka 40, mupimishe damu kwenye sentre ya afya. Pressio haina makelele, na tumezika watu waliokuwa na nguvu asubuhi.

Tena jambo la kutia moyo. Mtu mzima anaweza kujifunza. Akili ya mtu wa miaka 50 haishiki upesi kama ya kijana, lakini ina mahali pengi pa kufungia jambo jipya, kwani imeona mengi. Tumeona mababa wakiandika majina yao kwa mara ya kwanza na mikono iliyozoea panga. Kalamu ilivunjika, jina likatoka.

Woga wa wazee

Tulipoanza kusema kama kila mtu wa miaka 18 aandikwe peke yake, wazee wa kijiji kimoja walituita. Hawakutufukuza. Walitukalisha, wakatupa sombe na ugali, kisha mzee mmoja akasema: "Watoto wetu, musikilize. Vita ilichukua nyumba, ikachukua mbuzi, ikachukua bunduki ya kuwindia. Kitu kimoja njo kilibaki, ni jamaa. Sasa munakuja na karte, kila mutu karte yake. Munataka kumaliza kile vita haikumaliza?"

Tulikaa kimya muda mrefu. Ni neno zito, na leo hatutaki kulipita haraka. Mzee ana haki. Tunajua vijana waliopata vitu peke yao wakaviuza Kasongo siku ile ile, na baba zao wakabaki na aibu. Tunajua pia kama jeto ya mzee ililisha yatima ambao hakuna orodha iliyowaandika. Na mzee mwenye kugawa mbegu nyumbani yuko katika ile hatua ya kutunza. Tukimnyang'anya kazi ya kugawa, tunamfanya kuwa mtu wa kungojea kifo tu. Hatukuja kumuinua kijana kwa kumuangusha mzee.

Lakini tulimuuliza yule mzee: "Baba, weye ulipopewa shamba lako, ulikuwa na miaka ngapi?" Akafikiri. Akasema: "Nilikuwa nimeoa tu. Labda ishirini." Tukauliza: "Nani alikupa?" Akasema: "Baba yangu. Alinitembeza kwenye mpaka, mbele ya ndugu zake wote." Kisha akanyamaza, akaangalia uwanja, akasema: "Miye sijamutembeza mutu."

Tunafikiri jibu liko pale. Karte ya kijana isitoke kwetu. Itoke mkononi mwa mzee wake, mbele ya watu. Sheria ya Kongo inasema mtu ni mkubwa kwa miaka 18. Kwa karte ya uchaguzi kijana anachagua rais wa inchi. Ni ajabu kama anachagua rais na hawezi kupokea jembe. Lakini sheria ya Kinshasa haimfanyi awe mkubwa machoni pa jirani. Baba mdogo anaweza.

Mambo tunayoomba mkutano uamue

Kwanza, kuhusu orodha. Tuandike upya. Kila mwenye miaka 18 aandikwe kwa jina lake, na kando tuandike jamaa yake, ili umoja usipotee. Mwenye bibi na watoto, awe na jeto yake. Wasio na karatasi za kuzaliwa, tuwasaidie kufuata jugement supplétif, kwani siku 90 za kuandikisha bure zilipita wakiwa porini. Na binti asiandikwe kuwa bibi mbele ya miaka 18. Tangu sheria ya Julai 2016, miaka ya kuolewa ni 18 kwa msichana kama kwa mvulana. Mbele yake msichana aliruhusiwa kwa 15. Wengine wetu bado tunafuata ile ya zamani kwa sababu ya mali. Tuiache.

Pili, siku ya kutembeza mpaka. Mbele ya msimu wa kupanda, kila mzee mwenye kijana aliyerudi amtembeze kwenye shamba, mbele ya jirani, sultani wa kijiji, na mtu wa chama mwenye kuandika. Kule ambako shamba lina ugomvi, tusilazimishe. Tuanze na mahali pa amani. Siku ile tupike, tuimbe, na shehe, padri na pasta waombe. Hiyo ndiyo sehemu ya tatu ambayo hatukuipata tuliposhuka kwenye lori.

Tatu, mama ambao waume hawajulikani waliko wasomwe kwa majina yao, wawe na jeto zao, na chama kitafute mtu wa sheria wa kuwashauri.

Nne, wazee wapewe kazi ya kugawa na ya kufundisha, iandikwe katika sheria za chama. Na katika kila AVEC tununue miwani ya kusomea, ikae ndani ya sanduku pamoja na daftari.

Kwa wafadhili wetu tuseme wazi. Orodha itakuwa ndefu kuliko ile mliyozoea, na majembe hayataongezeka peke yake. Msimu huu pengine watu wengi watapata kidogo, na ripoti yetu haitapendeza. Tunawaomba mkubali. Jembe moja lililotolewa vibaya lilituondolea kijana mmoja.

Na kwa yule mama mwenye kutuuliza kila mara: mama, tumekuja na jibu, ni dogo. Katika daftari jipya tumeacha mstari. Kuna jina la mwana wako, si chini ya mtu. Kuna jina la bibi yake, na watoto wawili. Jembe lake tumeliweka. Mwenye kwenda Salamabila na kinga juma hili, amfikishie neno: baba yake mdogo amesema atamtembeza mpaka yeye mwenyewe, aje mbele ya mvua.

Sasa tunawaachia neno, tukianza na wazee, kisha mama, kisha vijana. Leo vijana waseme pia.